Sauti ya Delphine Iliyofutwa Upande wa Pili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini sihitaji kufichiwa jina. Naitwa Alban Gillis. Nimejificha vya kutosha. Nina miaka sitini na sita, naishi Regina, na huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu niiache Nova Scotia, kule baharini, kufuata kazi, nikidhani ni misimu miwili tu kisha nirudi, na mpaka leo upepo ukipita kwenye ngano nageuza kichwa nikitafuta maji.

Zamani kule Halifax tulikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Taa za Feri, watu watatu tu, mimi nikipiga gitaa na kuimba, Roddie kwenye ngoma, na Delphine Comeau kwenye gitaa la besi. Hatukuwa maarufu ila tulikuwa na watu wetu, na watu wa namna hiyo hawababaishwi na wimbo wa redioni, wao hupenda mabaki, rekodi za majaribio, nyimbo za kuazima, na ule wimbo wa upande wa pili wa santuri ambao bendi yenyewe iliuweka pale ili nafasi isibaki tupu.

Wa kwetu tuliuazima kwa bibi yake Delphine, wimbo wa kubembeleza watoto, wa Kifaransa cha Waakadia wa pwani ile, na tuliurekodi Februari ya mwaka tisini na tatu katika chumba cha chini cha nyumba aliyopanga Delphine, tumezima tanuri la kupasha joto kwa sababu lilinguruma, sote tumevaa makoti. Delphine hakuwahi kuimba hata siku moja, lakini wimbo ulikuwa wa kwao, akauimba yeye, mara moja tu, na alipomaliza Roddie akaweka vijiti chini akaniambia, "Alban, mwenye nyumba karudi. Tafuta chumba kwingine." Walicheka, nami nikacheka, nikainama kukunja nyaya.

Sasa mshauri, mashine yetu ya kaseti ilikuwa na njia nne tu za kurekodia, na tatu zilikwishajaa ngoma, besi na sauti yake, kwa hiyo ili upate nafasi ya magitaa unazichanganya hizo tatu na kuzihamishia kwenye ya nne, kisha unarekodi juu ya zile za mwanzo, na chochote ulichokiacha nje ya mchanganyiko kimekufa, hakirudi. Kazi hiyo ilikuwa yangu siku zote. Niliifanya kesho yake mchana, peke yangu, na kitufe cha njia ya tatu, ya sauti yake, nikakiacha kwenye sifuri. Sikusahau. Nilikitazama. Kisha nikaimba mimi, kwa maneno ya Kifaransa niliyoyakariri kama kasuku, na Delphine nikamwambia mashine imekula utepe.

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba basi niimbe mimi, bibi anausubiri. Santuri ilipotoka aliipeleka hospitalini Yarmouth alikolazwa bibi yake, akamchezea, na kikongwe akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na wewe uko wapi humu, mwanangu?" Delphine akamjibu yuko nyuma, anapiga besi. Wiki hiyohiyo bibi akafariki. Haya alinisimulia mwenyewe bila uchungu wowote, nami nikampa pole.

Mwaka huu kampuni ndogo ya Toronto inakusanya mabaki yetu yote yatoke pamoja. Nilipokuwa nikipekua sanduku la viatu nikakuta kaseti niliyoitoa jioni ileile ya kurekodi, nakala ya kusikilizia garini, kabla sijachanganya chochote. Delphine yumo. Hata zipu ya koti lake inasikika.

Wiki iliyopita akanipigia simu. Siku hizi anaendesha basi la shule kule Church Point. Akaniuliza, "We mzee, nywele bado unazo?" Nikamwambia zimebaki mbili, nazo hazisemezani. Akacheka sana, kisha akanisomea alichoandika kwenye kijitabu cha maelezo kitakachotoka pamoja na mkusanyiko huo: "Wimbo huu niliuimba mimi, mashine ikaula. Alban akauokoa, na bibi yangu akausikia kabla hajafa. Sitamsahau kwa hilo."

Kijitabu kinakwenda kuchapwa tarehe kumi na nne. Nimefikiri niwape kampuni kaseti hii, niseme nimeiokota, basi. Delphine atafurahi, mashabiki watafurahi, na hakuna atakayeumia. Nifanye hivyo? Au nimwambie ukweli nimharibie kumbukumbu pekee nzuri aliyo nayo ya siku zile?

Alban Gillis, Regina

---

Ndugu Alban,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Ya pili nikaona unachokiomba hasa: ruhusa ya kushukuriwa tena. Uliufuta wimbo ukaitwa mwokozi; sasa unataka kuuokota uitwe mwokozi mara mbili. Sikupi.

Usiniambie hakuna atakayeumia. Kikongwe yule alimtafuta mjukuu wake ndani ya wimbo wa ukoo wake asimwone, na mjukuu amebeba jibu la uongo miaka thelathini na mbili akidhani ni bahati mbaya. Kumbukumbu unayoogopa kuiharibu haikuwa nzuri kamwe. Wewe ndiye uliyeipaka rangi.

Najua wivu ni kitu gani, na najua kwamba mtu wa miaka sitini na sita angeweza kuichoma ile kaseti na asijulikane. Hukuichoma. Hilo nimeliona, na ndiyo sababu nakujibu.

Sasa fanya hivi. Kaseti hiyo usiichezeshe tena, si garini wala jikoni. Utepe wa umri huo hukatika. Mpelekee fundi mwenye mashine nzima akutolee nakala moja, usiondoke mpaka amekurudishia zote mbili. Kampuni waambie leo kwamba ukurasa wa wimbo ule usubiri, na usiwape sababu. Sababu hiyo si yao kuisikia kwanza.

Jumamosi hii, basi la shule likiwa limepumzika, mpigie Delphine. Usianze na nywele. Mwambie mashine haikula kitu, ni wewe uliyemfuta, kwa makusudi, kwa sababu aliimba vizuri kuliko wewe. Usiongeze kwamba ulikuwa kijana. Ulikuwa na miaka thelathini na minne. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe. Na usiombe msamaha katika simu hiyo. Msamaha ni mzigo mwingine, na siku hiyo atakuwa na wa kwake wa kutosha.

Kisha mtumie kaseti yenyewe na nakala yake, usibaki na chochote. Akikata simu katikati, usipige tena. Tuma hivyohivyo.

Huenda akataka itoke, yenye jina lake na maelezo mapya yatakayokuaibisha mbele ya kila mtu aliyewahi kuipenda bendi yenu. Huenda akaiweka kabatini, mashabiki wasiisikie milele. Kampuni wakikuuliza maoni yako, sema huna. Mara ya kwanza ulimwamulia wewe.