Kopo Ulilomtumia Baba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Na wifi yangu, mguu umepona au bado anachechemea? Mimi ni mzima, ila uchovu tu. Baba yupo, anakula, na leo asubuhi ameoga mwenyewe. Nimetanguliza hilo makusudi, ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Kwenye simu nimekuwa nikikuambia "anaendelea vizuri." Haikuwa kweli yote. Nisamehe.

Tangu Baba aanze vile vidonge vya saratani ya tezi dume, juu ya sindano ya kila miezi mitatu, ilibidi atolewe damu kila baada ya wiki mbili, maana vidonge vyenyewe vinaweza kuumiza ini. Mara mbili za kwanza majibu yalikuwa safi. Katikati ya Machi, vimeng'enya vya ini, vile vinavyomwagika kwenye damu ini likiumia, vilikuwa vimepanda mara sita ya kiwango cha kawaida. Unamjua baba yako. Miaka arobaini ya kutengeneza mizani za watu madukani, haamini namba mpaka aipime mara mbili. Akamwambia mpimaji, "Mwanangu, hii mashine yenu ilikaguliwa lini mara ya mwisho?" Mpimaji akacheka, akamtoa damu tena. Namba ikawa ileile. Baba akabana pamba mkononi, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje. Hakutania tena siku hiyo.

Daktari wake ni mama mmoja mpole, lakini hazungushi maneno. Alisimamisha vidonge palepale. Kisha akauliza, "Mzee, kuna kitu kingine unachokunywa? Mitishamba, unga, dawa za maumivu, chochote kile?"

"Hakuna," Baba akajibu.

Na mimi niliyekuwa nikimkorogea kila asubuhi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikaangalia viatu vyangu, nikanyamaza.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Ni ule unga wa mitishamba wa kuongeza nguvu uliomtumia Januari. Sijamwona Baba akifurahi vile tangu Mama atutoke. Kopo alilitandikia kitambaa kando ya miwani yake, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa: "Mwanangu kanitumia hili." Alianza na kijiko kimoja, na siku akijisikia mnyonge alijiongezea cha pili. Ningewezaje kulitaja mbele ya daktari, na yeye mwenyewe keshasema hakuna?

Wiki mbili baadaye namba haikushuka, ilipanda. Macho yakawa manjano. Ngozi ikamwasha hadi akawa anajikuna mgongo kwa kitana. Chakula akakisukuma. Asubuhi moja nikalitia kopo mkobani, nikaondoka bila kumuaga.

Daktari alisoma lebo mstari kwa mstari. "Siwezi kuapa kuwa ni huu," akasema. "Huenda ni vidonge vyangu, huenda ni unga, huenda vyote viwili vimekutana. Ila usimpe tena, hata nusu kijiko."

Nikamuuliza kama nimemuua baba yangu. "Umekuja," akasema. "Tuanzie hapo."

Nilipomweleza Baba, alipandisha sauti kama zamani tukiwa watoto: "Yaani umekwenda kumshtaki mdogo wako!" Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaja hadi mlango wa jikoni, kashikilia ukuta.

"Lile kopo liko wapi?"

"Daktari amebaki nalo, Baba."

"Nilijua," akasema. "Nilipoulizwa tu, nilijua. Niliona nikilitaja, itakuwa kama mtoto ndiye aliyeniumiza." Nikamvutia kiti. Tukamenya vitunguu, kila mtu na kisingizio chake cha machozi.

Tangu hapo namba imekuwa ikishuka, polepole mno. Lakini amekaa karibu miezi mitatu bila vidonge, na maradhi hayakulala. Kipimo cha tezi dume kimepanda, na nyonga inamuuma akipanda ngazi. Jumatatu iliyopita ini lilikaribia kiwango, wakamrudishia vidonge, nusu ya vile vya mwanzo. Daktari hatuahidi kitu. Amesema huu ni ugonjwa wa kuzuiwa, si wa kufutwa. Nakuandikia kama alivyosema, maana wewe ni mtu mzima, na huyu ni baba yako.

Usijilaumu. Ulitafuta namna ya kumshika mkono kutoka huko mbali. Kulificha kopo ni kosa letu sisi tuliokuwa hapa. Kuanzia sasa, chochote cha kunywa au kumeza, niulize kwanza nami nimuulize daktari. Na kama kazini wanaweza kukupa likizo, njoo mwaka huu. Usisubiri ujao.

Shangazi anakusalimu, bado anashona na bado anagombana na cherehani yake. Mjomba kinyozi anauliza nywele zako huko anakata nani. Nikumbatilie wanangu mmoja mmoja, na wifi umwambie nimemkumbuka.

Baba anajua nakuandikia. Nilimuuliza ana neno gani, akafikiri, akasema: "Mwambie asiache kunitumia vitu, asije akadhani nimekasirika. Atume soksi, nzito, miguu inanipiga baridi. Ini halili soksi."

Mungu akufunike kwa huruma yake, akufikishe kwetu salama, utukute sote.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa