Damu ya Mzee Kombo

Mama Zubeda, salaam aleikum.

Natangaza rasmi kwamba goti la mumeo limechubuka. Basi letu lilipinduka karibu na Muheza, nikaangukia kapu la machungwa. Kwa unene huu unaoujua, wa kuhurumiwa ni machungwa.

Jirani yangu kitini, Mzee Kombo, alivunjika nyonga na paja likachanika. Hospitalini, dresa, yule mfunga vidonda, alimtoa damu kidogo, akanikabidhi ikiwa ndani ya kichupa: "Kifumbate kisipoe. Baada ya dakika kumi kiinamishe. Ikiwa bado haijaganda niite upesi, nitafute watu wa kumtolea damu, maana hiyo ya kwake haitazuilika."

Nikakiinamisha. Mzee akauliza, "Imeganda, mwanangu?"

"Kama samli ya Julai, mzee."

Akacheka.

Mke wangu, ilikuwa inachuruzika kama maji. Baada ya kumwambia vile niliona haya kumwita dresa mbele yake. Nikaendelea kukifumbata, nikiomba igande. Dresa alipokuja mwenyewe, godoro lilikuwa limelowa.

Tumemzika leo alasiri. Mungu akutunze. Watoto wasomee habari ya goti tu.