Kamera Safi, Picha Hakuna

Kwa mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Yule mkusanyaji wa kamera kuukuu za Kijapani, zile za kulengea kwenye kidirisha cha pembeni, kanifuata nyumbani akinibembeleza. Haya, nadanganya, nilimpelekea yangu mwenyewe aikague. Akavaa glavu nyeupe asiiachie alama ya kidole, kisha akaifungua nyuma, juani, achungulie lenzi. Hakuuliza kama mna filamu. Ilikuwemo! Picha za mwisho za marehemu bibi yako zimeungua zote kwa mwanga.

“Pole mzee, ila lenzi yako safi sana.”

Kwani nilioa lenzi mimi?

Harusi yako nilikupiga picha bure, kwa hiyo nakudai. Ile ambayo bibi yako ananifokea niharakishe, nitolee nakala. Kanuna humo, lakini nitamchukua hivyo hivyo.

Mume mwenzio,
Babu