Barua Iliyonisifia Hadi Nikakosa Kazi

Jumanne. Mvua.

Leo saa nne na dakika ishirini asubuhi nimepoteza kazi ya kuendesha semi, kazi ambayo nilikuwa nimeshaipata tangu Ijumaa. Nimekuwa nayo siku nne tu. Mvua inanyesha tangu alfajiri, mlima Kwaraa hauonekani, nami nimekaa kibarazani kwangu hapa Maisaka, Babati, naandika kwa simu, kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana mtu.

Ijumaa Haji mwenyewe alipanda kando yangu kunijaribu. Ni mfanyabiashara wa nafaka pale mjini, ana malori matatu, na dereva wake mmoja amerudi kwao Singida. Tulipakia magunia mia tatu ya mahindi. Tukashika barabara ya Kondoa, tukapita Bonga, tukapanda kona za kwanza za mlima, kisha akaniambia geuza. Kushuka nilishuka kwa gia ya tatu, breki nikaigusa mara mbili. Najua alikuwa anahesabu, maana na mimi nilikuwa nahesabu.

Tulipofika ghalani akacheka. "Wewe mama yako alikuzalia humu ndani ya gari. Jumanne njoo na leseni, picha mbili na barua ya serikali ya mtaa, uandikwe."

Uandikwe. Nililala na neno hilo siku nne.

Nilianza utingo nikiwa na miaka kumi na saba. Miaka sita nimefunga maturubai, nimebadilisha matairi kwenye tope, nimelala chini ya trela nikilinda mzigo wa watu. Ada ya chuo cha udereva nilijilipia mwenyewe. Nikapata leseni ya daraja E, ile ya malori ya trela, nikakaa barabarani miaka kumi na mitano bila kumgonga hata mbuzi.

Sasa, kabla hujaanza kunionea huruma, ngoja niseme na lile lingine.

Bosi wangu wa zamani alikuwa anatupimia mafuta ya safari. Babati hadi Dar na kurudi, lita mia saba. Dereva asiyejua gia, mafuta yanamwishia Dodoma, anaanza kupiga simu. Anayejua anarudi na lita arobaini kwenye tangi, na kwa desturi yetu zile ni zake. Mzee alijua, akanyamaza. Mzee akafariki, mwanawe akashika ofisi. Ofisi aliirithi, desturi hakuirithi. Akanikuta njiani nauza lita sitini.

Wizi wa mtumishi. Miezi kumi na minane jela. Nilikaa kumi na miwili, sita nikasamehewa kwa tabia njema.

Kati ya zile sitini, arobaini nilizibana kwa mguu wangu. Ishirini niliiba.

Sijawahi kuandika hivyo mahali popote. Hakimu hakuuliza mgawanyo, nami sikuutoa.

Nina miezi ishirini na minane tangu nitoke. Kabla ya Haji nimeomba kazi kwa wenye malori kumi na mmoja. Wawili walinikatalia usoni, na hao nawashukuru hadi leo. Tisa waliniambia watanipigia. Nadhani bado wanatafuta vocha.

Turudi kwenye barua.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mwalimu mstaafu, mwandiko wake umenyooka kama uzi wa fundi. Jana nilimweleza ni ya kazi kwa Haji. Akafurahi kweli, akaniambia nikae nje, akaandika, akatia kwenye bahasha, akaigundisha, akapiga muhuri juu ya mkunjo. Sikuifungua. Barua ya mtu mzima iliyopigwa muhuri huifungui, tumelelewa hivyo. Nikaiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

Leo Haji ameisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akavua miwani. Akaigeuzia kwangu, kidole kimekaa kwenye mstari wa pili.

"Huyu ni mkazi wangu na ni mwadilifu. Alimaliza kifungo chake salama, na tangu atoke gerezani hajaleta usumbufu wowote mtaani. Naomba apewe ushirikiano."

Nimekuwa nikisifiwa maishani, lakini si kwa namna ile.

"Ijumaa nilikuuliza kwa nini uliacha kazi kule," Haji akasema. Hakupandisha sauti. "Ukaniambia mkataba uliisha."

"Uliisha, Haji."

"Ukamalizwa na nani?"

Aliyeumaliza alikuwa hakimu, na sote wawili tulikuwa tunajua.

"Haya, Baba Neema. Nenda. Nitakupigia."

Basi. Wa kumi huyo wa kunipigia.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Nikamwamkia kwanza, maana hasira haiondoi shikamoo. Nikamuuliza ameniandikia nini.

"Marahaba. Si nimekusifia! Wenzako wote nawaandikia mstari mmoja, 'ni mkazi wangu', basi. Wewe nimekuandikia mitatu."

"Ungeniandikia mmoja, Mwalimu, saa hizi ningekuwa napakia."

"Kwa hiyo ulitaka nimfiche Haji?"

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Hicho ndicho kinachoniuma, shajara. Mwenyekiti hakunifanyia ubaya. Aliandika kile ambacho nilipaswa kukisema mwenyewe Ijumaa. Nimejiuliza pia: ningeifungua ile bahasha jana nikaisoma, ningefanyaje? Ningeichana. Ningerudi kwake na hadithi, barua imelowa, naomba nyingine, fupi. Najijua.

Mama Neema alikuwa anachambua maharage nilipoingia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, kisha akasema: "Ungemwambia mwenyewe pale mlimani, umeshika usukani. Saa ile alikuwa ameshakupenda."

Kuoa mwanamke msema kweli ni kifungo kisicho na msamaha wa tabia njema.

Lakini nikubali yote hayo, bado kuna kitu sikikubali. Haji kuniogopa namwelewa. Lori ni lake, mafuta ni yake, usingizi ni wake. Hata mimi ningekuwa na malori matatu ningemtazama mara mbili mtu kama mimi. Ila "nitakupigia" siielewi. Mwenye lori akikwambia hivyo, anajiona amekufanyia ustaarabu. Anakunywa chai yake, kashamaliza. Wewe unakaa na simu mfukoni wiki tatu, ukienda msalani unaenda nayo, ikilia ni shangazi anakuuliza habari za mvua.

Neno "hapana" haliniui. Nimeshaambiwa hapana na hakimu, nikaamka kesho yake nikanywa uji.

Na safari hii sina wiki tatu. Kuna jamaa wa Singe ana tipa la mchanga na mawe. Ni kazi ya kutwa, hakuna mkataba, ukiumwa huna kazi, lakini historia yangu anaijua yote na haijamnyima usingizi. Amesema ananisubiri hadi Alhamisi mchana, baada ya hapo usukani anampa mwingine. Nikienda Singe nimejifungia kwenye vumbi mwaka mzima, na semi nitaiona ikipita tu. Nikimsubiri Haji apige, naweza kukosa vyote viwili, na mwezi ujao Neema anaanza kidato cha kwanza.

Kwa hiyo nimeacha kusubiri. Saa nane hii nimemtumia Haji ujumbe. Nauweka hapa kama ulivyo, ili kesho nisijidanganye kwamba niliandika maneno mengine.

"Haji, shikamoo. Ni Baba Neema. Nilifungwa kwa kuiba mafuta ya bosi wangu. Ulipaswa kulisikia kwangu Ijumaa, si kulisoma leo, na hilo ni kosa langu, silitafutii sababu. Kuendesha umeniona. Weka kufuli kwenye tangi na ufunguo ukae nao wewe. Pima mafuta kabla sijaondoka, pima nikirudi, nami nitasaini kila safari mbele yako. Ikipungua hata lita moja nisiyoweza kuieleza, nishushe palepale, sitabishana. Ukiona haiwezekani, kataa, sitakuchukia na salamu nitakupa. Ila naomba usiniambie 'nitakupigia'. Nijibu neno moja, ndiyo au hapana, Alhamisi kabla ya saa sita mchana."