Nimemchagulia Mama Upande Wenye Kelele

Baba,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba haya yote yabaki kwako. Usimdokezee Mama hata neno moja. Zamani ningecheka kusikia mtu anamwomba marehemu atunze siri. Sasa sina hakika tena kama ninyi wawili mmeacha kuzungumza.

Unaikumbuka ile nyumba ya trela mliyoitamani? Trela lisilosafiri tena, magurudumu yamezibwa kwa mbao, pa kupumzikia kiangazi mkichoka na mji wetu wa Hyattsville na zamu zako za hospitali. "Nataka nifungue dirisha nisikie maji, si ving'ora," ulikuwa ukisema huku umeloweka miguu.

Mama hakuiacha ndoto hiyo ulipofariki. Ila imebadilika. Makoti yake ya baridi ameyagawa yote. Chakula anaonja tu. Anasema trela likipatikana atahamia huko moja kwa moja. Kazi ya kuchagua mahali amenipa mimi, kwa sababu wewe ulizoea kusema, "Mpeni karani wetu asome, yeye huogopa hata nukta."

Jumamosi tulivuka daraja la Ghuba ya Chesapeake, mimi na Mama, mdogo wangu Sefu akiendesha. Tulianzia mbali, upande wa bahari kuu: upepo, watoto, matrela yamebanana. Mkenya mmoja aliyekuwa akichoma nyama alitusikia tukiongea, akapaza sauti, "Mathe, karibuni! Hapa hakuna mtu hulala njaa!" Mama alitabasamu kwa adabu, kisha akaninong'oneza, "Baba yenu hapa hatapumzika."

Hatapumzika, alisema. Sikumsahihisha.

Mahali pa pili tulipapitia wakati wa kurudi, kwenye ghuba. Maji yalikuwa kimya kama ya kwenye beseni. Sikuona hata ndege. Trela lenyewe lilikuwa la mwisho, limejitenga na mengine. Mwenye kambi ile ya matrela, mama wa Kimarekani, alitupa ufunguo, akasema halijafunguliwa tangu msimu uliopita. Nikafungua, nikausukuma mlango, na kwa mazoea tu, kama ulivyotulea, nikapiga hodi.

Sefu akacheka. "Dada, unampigia nani hodi? Mende?"

Ndani kukaitikiwa, "Karibu."

Ilikuwa sauti yako, Baba. Ile nzito ya mtu aliyetoka zamu na hataki kuamsha wengine. Niliganda pale kizingitini. Nilimtazama Sefu, alikuwa ameshainamia simu yake, hakusikia kitu. Nikajiambia ni upepo, lakini hapakuwa na upepo. Kisha nyuma yangu Mama akavua viatu, akasema kwa upole kabisa, "Umeshaitikiwa, mbona huingii?"

Akanipita. Akaketi kwenye benchi la dirishani, pembeni, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Mto wa upande wa pili ulikuwa umebonyea.

Baadaye alitaka nimuulize mwenye kambi kama mtu anaweza kukaa pale wakati wa baridi. Yule mama alishangaa. Maji hukatwa, umeme huzimwa, geti hufungwa, hapabaki mtu. Nilipomtafsiria, Mama akajibu, "Mwambie sitakuwa peke yangu."

Hilo sikulitafsiri.

Baba, najua unamkumbuka. Sikulaumu. Sisi nasi... Lakini ukimwita ataenda, nawe unajua ataenda, na huko hakuna atakayemwona akifumba macho. Sefu hajui kupika hata wali. Mimi, pamoja na shule yote uliyonisomesha, kila asubuhi nikifika kazini lazima nimpigie Mama simu nimwambie nimefika. Hatujawa tayari. Tuachie.

Leo mchana nimeweka sahihi. Nimechukua kule kwenye kelele, katikati ya watu, jirani na yule Mkenya na nyama yake. Mama nitamwambia jioni kwamba kule ghubani mafuriko hufika mlangoni, na si uongo, niliuliza. Atalia. Huenda akanichukia kidogo. Nitavumilia.

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi hatakaa peke yake hata siku moja. Tutapokezana, mimi na Sefu, mpaka hamu ya kula imrudie.

Na upweke ukikuzidi, usipitie kwake. Nyumbani pia usije, usingizi wake ni mwepesi. Njoo ofisini kwangu Rockville. Watu wakitoka kwenda kula, mimi hubaki chumba cha mafaili, mwisho wa ukumbi, ng'ambo ya ngazi. Mlango nitauacha wazi. Taja jina langu, langu tu, halafu subiri kidogo. Nitaogopa sana, Baba, lakini nitaitika.