Nilimwambia Mama Mkwe Amwache Alale

Mpendwa Bu Lasmi, mama yetu,

Nakuandikia katika safu yako ya ushauri kwa sababu sina mwingine wa kumwambia na moyo umenishinda, tafadhali nisome mpaka mwisho ndipo unitukane. Mimi ni muuguzi wa ganzi katika hospitali moja ndogo huku milimani kusini mwa Java, mwaka wa kumi na moja sasa, natayarisha dawa anayochomwa mama mgongoni kabla ya kupasuliwa mtoto atolewe, daktari ndiye anayechoma lakini mchanganyiko ni wangu, na ndani ya ile ganzi tunaongeza mofini kidogo sana ili ganzi ikiisha mama asiteseke na kidonda. Mofini inatufikia ikiwa kali, kwa hiyo naizimua mara mbili, mara ya kwanza kwa kichupa kimoja cha maji ya chumvi, kisha navuta kidogo katika ile na kuizimua tena kwa kichupa cha pili, mara mbili tu, Bu, si kazi ya kumshinda mtu.

Jumanne ile mgonjwa wa kwanza alikuwa Winarsih, wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wake alikuwa amelala vibaya tumboni. Nilikuwa nimezimua mara ya kwanza, daktari akaita, "Mbak Tutik, dada yangu, karatasi ya damu umeiweka wapi?" nikaenda kuitafuta, niliporudi nikachukua bomba la sindano lililokuwa kwenye trei nikamkabidhi, akachoma. Mtoto wa kiume akatoka akilia, akamkojolea daktari, tukacheka sote, na Winarsih naye akacheka.

Wodini akaanza kujikuna pua na mashavu, nikamwambia ni kawaida ya dawa, na kweli huwa ni kawaida. Aliyekuwa anamwuguza ni mama mkwe wake, Bu Sutiyem, na unawajua wazee wetu, mzazi asilale mchana eti damu nyeupe itampanda machoni apofuke, basi kila Winarsih akisinzia anampiga vikofi shavuni, anampangusa uso kwa maji, anamwambia, "Amka mwanangu, mtazame mwanao, kachukua pua ya baba yake, Jarwo, nene kama kitunguu, pole yake." Wodi nzima ikawa inacheka. Mimi nilipopita saa sita nikaona aibu mbele ya wanafunzi wa uuguzi, nikasema kwa sauti, "Mama, mambo hayo ya kale yaache huko kwenu. Mtu kapasuliwa, mwache alale." Akanijibu taratibu, "Lakini Mbak, usingizi wake huu mzito. Namwamsha, haamki sawasawa." Nikamwambia, "Aliyesomea kazi hii ni nani, mimi au wewe?" Akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe, Mbak," akakaa mikono mapajani, akamwacha alale.

Saa tisa na nusu muuguzi wa zamu akamkuta midomo imebadilika rangi, hapumui. Tulihangaika naye karibu saa nzima. Dawa ya kuivunja nguvu mofini ilikuwa kabatini, hatua ishirini kutoka kitandani pake, na hakuna aliyeifikiria, kwa kuwa karatasi yake ilionyesha kipimo cha kawaida, na mimi ndiye niliyekiandika.

Jioni, nikikusanya taka za chumba cha upasuaji, nikakuta kichupa cha pili cha Winarsih hakijafunguliwa. Alikuwa amepewa mara kumi ya kipimo chake.

Daktari aliandika kwamba donge la damu liliziba mapafu. Familia wakasema ni mapenzi ya Mungu, lakini majirani wanasema Bu Sutiyem alimwacha mkwe wake alale, na yeye mwenyewe anasema hivyohivyo. Nilikwenda kwenye kisomo cha siku ya saba nikamkuta amejificha jikoni, hataki kumshika mtoto, anasema mikono yake imeshaua. Alinishika mkono akaniomba radhi, Bu, akaniomba radhi mimi, akasema, "Wewe ulikuwa na wagonjwa wengi siku ile. Mimi ndiye niliyejua, ningeng'ang'ania kumwamsha." Nikala wali wao, nikaondoka. Jarwo kasema arobaini ikipita atampeleka mtoto kwa dada yake mjini Surabaya, kwa kuwa hapa nyumbani hana wa kumlea.

Leo ni siku ya thelathini na moja. Nikisema, kazi imekwenda na pengine nitafungwa, nina watoto wawili na baba yao ni dereva wa lori, haonekani wiki nzima. Nisiposema, siwezi kula, na kila asubuhi bado nazimua mofini mikono ikitetemeka. Najiambia hata nikisema Winarsih hafufuki. Nifanyeje?

Tutik (majina yote nimeyabadilisha)

*

Tutik,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya pili nililia, ya tatu nikakasirika, na hasira bado ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Kosa la kichupa kile lingeweza kumpata yeyote. Mtu anaitwa, anageuka, anasahau. Kwa hilo nakuonea huruma kwa moyo wangu wote. Lakini tangu jioni ile hukusahau kitu. Ulijua, ukaenda kisomoni, ukala wali wa wafiwa, ukamwacha mama wa watu akuombe radhi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Umemtwika wako, halafu unakuja kwangu kulalamika kwamba mabega yanauma.

Unasema Winarsih hafufuki. Hafufuki, na mimi sikushauri kwa ajili yake. Yuko mwanamke hai jikoni kwake, anaogopa kumgusa mjukuu. Wala usijifiche nyuma ya watoto wako, maana yule mchanga naye ni mtoto wa mtu.

Kesho usishike sindano. Mikono inayotetemeka haizimui mofini. Mfuate daktari kabla hajaanza kupasua, umweleze kichupa, kipimo na karatasi uliyoandika, kisha uyaandike hayo na uweke sahihi yako. Mwambie tangu sasa mtu asizimue dawa hiyo peke yake, na ndugu wanaouguza waambiwe mgonjwa wao kawekewa nini, wajue kwa nini wamtazame anavyopumua na wasikilizwe wakisema haamki. Tafuta mwanasheria, ni haki yako, ila asikupe sababu ya kungoja. Kisha nendeni wote wawili kwa wafiwa kabla ya arobaini. Daktari akikataa, nenda mwenyewe.

Ukifika, usianze na Jarwo. Ingia jikoni, keti chini, na usilie kabla yake. Mwambie, "Mama, ulikuwa sahihi kumwamsha. Mimi nilikosea dawa, na mimi ndiye niliyekunyamazisha." Basi, nyamaza. Akikufukuza, toka. Asipokusamehe mpaka anaingia kaburini, ni haki yake, na usimwombe zaidi ya mara moja.

Sikuahidi kwamba utapata usingizi baada ya hapo, wala kwamba mtoto hatapelekwa Surabaya. Pengine umeshachelewa kwa yote mawili. Lakini yule mama, siku yake ikifika, asife akiamini kwamba yeye ndiye aliyeua.

Bu Lasmi