Jetoni ya Hamsini na Mbili

Jumatatu, 7/10/2002
Leo nimepiga hati saba kwenye baraza la ofisi ya mtaa. Zote zinathibitisha kwamba mtu fulani anakaa Bunia. Hakuna anayependa kukaa Bunia siku hizi, lakini kila mtu anataka iandikwe. Utepe wa mashini ya kuandikia umechoka. Herufi zinatoka kama moshi.

Hati yangu mwenyewe bado. Chuo kikuu kina bei mbili: ya mwenyeji, na ya mgeni, ambayo ni mara tatu. Ya mgeni siiwezi hata nikiuza mashini pamoja na vidole. Mwenyeji ni mtu aliyekaa hapa mwaka mzima bila kukatika. Mimi nilifika kutoka Djugu mwezi wa kumi mwaka jana, godoro kichwani. Kujiandikisha kunafungwa tarehe 15. Nataka kusoma sheria. Kitabu cha sheria ninacho, ila panya walikula mwanzo. Najua kila kitu kuanzia kifungu cha arobaini.

Jumanne, 8/10
Muzee Anselme, mkuu wa avenyu yetu, hataki mashahidi. Mashahidi wanakunywa, anasema. Anataka jetoni za salongo. Kila Jumamosi tunasafisha mifereji, na ukimaliza anakupa kipande cha karatoni chenye sahihi yake. Mwaka una Jumamosi hamsini na mbili. Ninazo jetoni hamsini na moja, ndani ya kopo la maziwa. Malaria, mvua, risasi: nilienda. Kuna Jumamosi tulikuwa watu watatu, na mmoja alikuwa yeye.

Niliwaza kughushi ya mwisho. Haiwezekani. Muzee anakata karatoni yoyote anayopata, wiki hii ya biskuti, wiki ile ya sabuni. Mpaka Jumamosi hakuna anayejua. Benki hazina akili hiyo.

Jumatano, 9/10
Kambale, dereva wa lori, amepita barazani. Kesho anaenda Boga. Mama yuko Boga tangu tukimbie Djugu, na ananiita.

“Weye, panda kesho. Kisha hapo, sijui kama itakuwa iko barabara.”

Nikamwambia Jumamosi nina salongo. Alicheka mpaka akashika nguzo. “Watu wanakimbia vita, weye unangojea jembe!”

Nikamwomba amwambie mama ninakuja wiki ijayo. Ni uongo. Nikikosa Jumamosi moja, naanza tena kuhesabu kutoka moja.

Alhamisi, 10/10
Lori limeondoka asubuhi. Nimelisikia likibadilisha gia kwenye mlima. Sikutoka nje.

Jumamosi, 12/10
Haikuwa mifereji. Askari walikuja na kutupeleka kwenye barabara ya Boga. Tumechimba handaki kuikata barabara, kutoka ukingo mpaka ukingo, kina cha mtu mzima. Muzee Anselme alichimba pamoja nasi, tai shingoni. Mama mmoja anayeuza mihogo akasema kwa sauti: “Basi leo siye wenyewe tunajifungia, na funguo tunawapa.” Hakuna aliyecheka. Mimi kidogo.

Nimepata jetoni. Karatoni ya dawa ya mbu. Nina aibu na nina furaha. Furaha ni kubwa zaidi. Hiyo nayo ni aibu.

Jumatatu, 14/10
Nimepiga hati yangu. Nimekosea mara mbili, mimi ambaye sikosei. Muzee alizipanga jetoni mezani kama karata, akahesabu, akanirudishia kopo. Kisha macho yake yakakaa kwenye mstari wa asili, panapoandikwa kwenu ni wapi. Nimeandika Djugu. Bila mstari huo chuo hakipokei.

“Mutoto yangu, ku barieri watasoma hapa kwanza.”

Najua. Kwenye vizuizi vya askari watu wanauawa kwa mstari huo. Akapiga muhuri. Akaniambia niiweke ndani ya kiatu.

Jumanne, 15/10
Barieri za askari ni mbili mpaka chuoni. Ya kwanza walinipitisha. Mmoja wao nilimpigia barua ya uchumba, na msichana alikubali. Ya pili hawanijui. Nikashuka kwenye mfereji, nikatambaa chini yao. Naujua ule mfereji. Nimeusafisha mwaka mzima. Nina ushahidi.

Katibu alishika hati kwa vidole viwili, kwa sababu ya harufu. Akaandika kitabuni: mwenyeji. Nikaomba nione. Nikaona. Nikauliza masomo yanaanza lini. Hali ikiruhusu, alisema. Madarasani watu wamelala na watoto na vyungu vyao.

Ijumaa, 18/10
Kambale amerudi kwa miguu. Lori limebaki upande wa pili wa handaki letu, na askari wamelichukua. Hata baiskeli haipiti. Tulichimba vizuri.

Mama alikuja kwenye kituo cha Boga na kiti chake. Alikaa mpaka gunia la mwisho likashushwa. Halafu akamwuliza Kambale kama hawajanisahau chini ya magunia. Kambale akampa ujumbe wangu wa wiki ijayo. Mama akabeba kiti, akaenda.

Kambale hakunitukana. Ningependa anitukane.

Jumamosi, 19/10
Salongo. Sihitaji jetoni tena, lakini nilienda. Tumesafisha mfereji ule ule. Nimetoa matope mengi kwenye sehemu niliyotambaa, pakawa papana kidogo. Muzee alinipa karatoni ya dawa ya mbu tena, kama wengine; mjini hakujaingia nyingine. Nimeitia kwenye kopo.

Mvua inanyesha. Jembe limelowa. Nimeliegemeza karibu na mlango.